Glasi ya Kwanza ya Makutupora

Saa sita mchana, mezani kwa Kaluki huko Kanyangi, kulikuwa na chupa nne za mvinyo mwekundu, sinia la nyama ya mbuzi, sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uliopikwa na mbaazi, na wageni kumi waliovaa kama wanakwenda kanisani. Ndila, binti wa Kaluki, alikuwa akipanga mambo tangu alfajiri. Hata nzi aliwafukuza kwa adabu.

Miaka minne nyuma, alipohitimu shahada ya kilimo, alisafiri hadi Dodoma akarudi na vipandikizi sitini vya mzabibu ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Aina hiyo huitwa Makutupora. Wajuzi wengi wa mvinyo hawajaisikia, na ndiyo sababu Ndila aliipenda. Zabibu yake ni nyekundu ya kukaribia weusi, haililii maji, na inazaa katika udongo ambao mahindi yameukatia tamaa. Ndila alipozikata za kwanza alizishika viganjani muda mrefu kabla ya kuzitia kikapuni.

Mzee Mwangangi, kaka mkubwa wa marehemu baba yake na mwenye kauli ya mwisho juu ya shamba, hakushawishika. "Hiyo miti yako ya Dodoma," ndivyo alivyoiita siku zote. Alikuwa ametoa sharti: wageni wa leo wakiupenda mvinyo, mizabibu ibaki, wasipoupenda, ing'olewe kabla ya mvua za Novemba, ipandwe ndengu. Asubuhi alifika na jembe, akaliegemeza ukutani, mahali ambapo Ndila asingeweza kukosa kuliona.

Ndila akamimina. Alianza na Kanyiva, mwenye hoteli kule Makindu, aliyekuwa akitafuta kinywaji cha kuwaandalia wasafiri wa barabara ya Mombasa. Akaendelea na wengine. Abdille, mfanyabiashara wa mbuzi, alipewa juisi ya zabibu zilezile, maana yeye ni Mwislamu.

"Karibuni muonje."

Hakuna aliyeonja mvinyo. Kanyiva aliinua glasi, akaitazama rangi kwenye mwanga, akairudisha mezani. Wengine wakatazamana. Muthokoi ukaanza kupoa.

"Ndila, mbona watu wako wamekuwa sanamu?" Abdille aliuliza. "Mimi yangu imeisha. Niongezee, halafu nijue kama mbuzi wangu amepikwa kwa heshima."

Walicheka, lakini glasi zilibaki zimejaa. Ndila akainama sikioni kwa mama yake. "Mama, wanaogopa nini?"

"Hawaogopi. Wanangoja. Umewapa wageni kabla mwenye boma hajaonja. Nani atakunywa hivyo hapa kwetu?"

Uso ulimwaka Ndila. Alikuwa amesoma kuhusu joto la chupa na umbo la glasi, akasahau jambo aliloliona utotoni kila wiki: babu yake akipiga funda la kwanza la kibuyu cha pombe, ndipo kibuyu kizunguke.

"Basi onja wewe, Mama."

"Mimi niliyeokoka miaka thelathini? Na wewe ni mtoto, huwezi kuonja kwa niaba ya boma." Kaluki akaelekeza kidevu upande wa ukuta, alikokuwa ameketi Mzee Mwangangi karibu na jembe lake. "Mwenyewe yule pale."

Ndila alichukua glasi kwa mikono miwili, akaenda, akapiga goti kidogo.

"Baba Mkubwa, tunaomba utufungulie."

"Niwaonjee watu kitu nisichokitaka?"

"Shemeji," Kaluki alisema kwa upole, "wakiondoka na kiu hawatasema boma la Ndila. Watasema boma la Mwangangi."

Mzee aliitazama glasi. Aliipokea. Akapiga funda dogo, akalizungusha mdomoni, akameza. Akachukua kipande cha nyama, akatafuna bila haraka, akanywa tena.

"Aiya," alisema mzee taratibu. "Inakaza ulimi kwanza. Halafu inaacha utamu nyuma, kama asali ya mwisho wa kiangazi." Akasimama, akawageukia wageni. "Kunyweni. Ni ya hapa kwetu."

Glasi zote ziliinuka pamoja. Sauti zikarudi, vijiko vikaanza kugonga sahani. Kanyiva alionja na nyama, akaonja na muthokoi, akafumba macho.

"Una mashina mangapi?"

"Sitini."

"Sitini! Hayo hayanitoshi hata Desemba moja."

Kabla Ndila hajajibu, Mzee Mwangangi aliweka glasi tupu chini, akalichukua jembe, akatoka. Ndila alidhani anakwenda kuing'oa mizabibu. Akamfuata mbio. Lakini mzee aliipita mizabibu pole pole, akikwepa matawi asiyavunje, hadi kwenye uwanja mtupu ulio kando yake. Hapo alikunja mikono ya shati lake jeupe.

"Shimo na shimo," aliuliza, "mnaachanisha hatua ngapi?"