Mshonaji Mpya wa Kampong Speu

Suruali za nchi jirani zilipopandishiwa ushuru huko ng'ambo, oda zao zilihamia Kampong Speu, na kiwanda alichoshonea Chanthou kikawa kinalilia washonaji. Wakati huohuo ujenzi ulikuwa umelala, na Vuthy mumewe, fundi zege, alishinda nyumbani akipika na kufua. Hilo Chanthou hakulichukia hata kidogo. Lililomnyima usingizi ni kwamba Jumapili Vuthy angevuka kwenda Thailand kusaka kibarua, amwache na mimba ya miezi mitano.

"Si uje ushone kwetu?"

"Kwenu wanachukua wanawake tu."

"Eti tuna vidole vyepesi. Wapi! Tunalipwa kidogo tukanyamaza, basi."

Asubuhi akamkokota hadi kwa meneja, Bwana Heng. Wanawake kwenye cherehani wakaangua kicheko.

"Dada Chanthou, umetuletea shemeji au mbeba marobota?"

Meneja akamgeuza viganja. "Mikono ya koleo hii."

"Mjaribu, bosi. Kontena linaondoka Ijumaa."

Vuthy akaketi kwenye cherehani. Aliyekuwa na habari ni mkewe peke yake: ujanani Vuthy alikuwa mtawa wa Kibudha miaka saba, na joho la mtawa hukatwa vipande kisha huungwa upya, mishono imenyooka kama kingo za majaruba. Yeye ndiye aliyewashonea watawa wote wa hekalu. Akashona mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vicheko vikageuka makofi.

Meneja akafurahi hadi akapitiliza. "Mwanamume mwenye mkono huu anakaaje kwenye cherehani? Kesho wewe ndiye msimamizi!"

Moyo wa Chanthou ukamchoma. Alikuwa na miaka tisa pale, na wasimamizi watatu, wote wanaume, yeye ndiye aliyewafundisha kutia zipu. Lakini akiropoka, mume anakosa kazi, anakwenda zake Thailand.

Vuthy akajikuna kichwa. "Bosi, mimi najua mifuko tu. Anayejua suruali nzima ni huyu, na kusimamiwa naye nimeshazoea. Mpe yeye. Mimi niachie cherehani."

Cherehani moja ikazimwa, kisha nyingine, mpaka ukumbi mzima ukanyamaza. Wanawake arobaini wakamkazia macho meneja, mikono mapajani. Yeye akalitazama rundo la suruali, akatazama kalenda.

"Haya. Chanthou."

Chanthou akafuta machozi upesi kwa kiganja, akasafisha koo.

"Jamani, kazi! Na wewe, bwana, mfuko wa tatu umepinda. Fumua."