Vidonge Sita vya Émérance

Wakati ya ile vita ya pili, ya bariyeri kila kona, njo minye nilikulaka dawa ya wanawake mbele ya mama mukwe wangu. Musicheke bado.

Tulikuwa tumekimbia kwetu Bwegera, tukapanga chumba Nyamianda. Bibi yangu Émérance, mama ya Délice, akashikwa na kuwashwa kule chini, na uchafu mweupe, muzito kama maziwa ya kuganda. Wiki mbili halali, hakai. Jirani akamuambia aoshe ndani na sabuni na ndimu. Akaosha. Wee! Moto ikaongezeka.

"Baba Délice," akaniambia, "enda kwa Ildephonse. Minye kutembea siwezi tena."

Ildephonse alikuwa muganga wa dispansari, ng'ambo ya daraja. Mutu wa maswali mingi kama katekista. Nikamujibu nikiangalia ukuta. Akanipa vidonge sita.

"Kila usiku kimoja, anaingiza ndani kabisa wakati ya kulala. Hapana kumeza. Kikikuta maji kinatoka povu, asiogope. Amalize vyote sita, hata akisikia amepona. Na ile sabuni ya ndani aache."

Kurudi ku daraja, basoda, wale askari wa bariyeri, wamefunga njia na kamba. Na nani anasimama nyuma yangu ku mustari? Inamahoro, mama ya Émérance, na beseni ya sombe, majani ya mihogo, ku kichwa! Kwetu mama mukwe haumuangalie ku macho. Miaka kumi na moja, nikimuona natoka ku njia, naingia ndani ya mihogo ya watu. Mbele yake hata neno "tumbo" nilikuwa sisemi.

Soda mumoja murefu akakuta vidonge ku mufuko wangu.

"Mzee, hii ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

Nikasikia beseni inasogea nyuma yangu. "Ya... ya meno."

"Ya meno? Komanda! Komanda, kuya!"

Komanda akakuya, shavu imevimba, amefunga kitambaa ku kichwa. Kumbe jino ilikuwa inamutesa tangu siku tatu.

"Pengine ni sumu," akasema. "Mzee, kula kwanza."

Ningefanya nini? Nikatia kimoja mu kinywa. Komanda, na ile maumivu yake, hakungoja kuona kama nitakufa. Naye akatia chake. Povu ikaanza. Ikajaa mashavu, ikatokea ku pua. Tukabaki tunaangaliana, minye na komanda, weupe mpaka ku kidevu kama watu wananyoa ndevu.

"Sumu!" Soda mumoja akaruka mu mto na viatu. Murefu akanielekezea bunduki ku kifua. "Umeua komanda!"

Inamahoro akatua beseni chini.

"Weye mutoto, shusha hiyo bunduki! Ile ni dawa ya binti yangu, ya kuingiza kule chini, kule nyote mulitokea! Jana aliniambia vile anawashwa. Huyu mukwe wangu ni mupumbavu, lakini si muuaji!"

Murefu akashusha bunduki. Komanda akashuka ku mto, akasukutua mara tatu. Akanirudishia vile vine na mikono miwili, kisha akanivuta pembeni.

"Mzee, ule muganga anakaa wapi? Bibi yangu naye anajikuna."

Njiani Inamahoro akatembea pembeni yangu, beseni ku kichwa, akicheka mpaka sombe inamwagika. Kutoka ile siku sikuingia tena mu mihogo ya watu. Mwanamuke amekuona unatoka povu ku pua, utamukimbia juu ya nini tena?

Émérance akatumia vile vine, usiku nne, akalala kama mutoto. Siku ya tano, miguu yake mwenyewe, akaenda kwa Ildephonse kutafuta vile viwili vilipungua. Basoda wakisikia tu ni bibi ya yule mzee wa povu, kamba ikaanguka chini. Akapita polepole, hana haraka. Akafika mbele ya komanda, akasimama.

"Mwanangu," akamuuliza, "na jino, inaendelea aje?"