Ng'ambo ni Upande Gani

Concepta Brannigan alikuwa mjane wa kaskazini ya mto Liffey. Malachy Tyrell, fundi saa mstaafu, alikuwa wa kusini. Kati yao lilikuwepo lile daraja jeupe la chuma, la waenda kwa miguu tu, lenye mgongo kama paka aliyeshtuliwa na taa zilizoning'inia kwenye matao ya nakshi. Ndoa walishakubaliana. Kilichowashinda ni nani avuke jumla, ahamie kwa mwenzake.

Kila mmoja aliuita upande wa mwenzake ng'ambo. Malachy alisema watu wa ng'ambo wanasalimiana kama wanaogombania samaki. Concepta alijibu kwamba watu wa ng'ambo hubana midomo hata wakipiga chafya. Basi kila Jumapili wakawa wanakutana pale juu katikati, halafu mzee anashuka kwa Concepta kula mchuzi wa soseji na viazi, kisha huyo, karudi kwake.

Dympna, muuza matunda wa chini ya daraja, ambaye habari haikulala kwake, ndiye aliyemtia shoga yake moto.

"Shoga, mwanamume analishwa bila kuhama. Ahame ili iweje?"

Maneno yakamwingia. Concepta akaapa kwamba Jumapili hiyo asipopata jibu, mchuzi basi, na daraja atalivuka siku ya kwenda kung'oa jino tu.

Jumapili ikaja na manyunyu. Akasimama katikati, macho kusini, maneno yake makali ameyapanga. Malachy hakuonekana. Mara akasikia kikohozi nyuma yake. Mzee alikuwa anapanda kutoka kaskazini, mkate wa magadi umefichwa ndani ya koti.

"Samahani mama, foleni," akasema. "Nimeona ninunue hapa kwa jirani yako. Mkate wa ng'ambo siku hizi hauliki."

Concepta akayasahau yote aliyoyapanga. "Ng'ambo wapi, Malachy?"

"Si kule," akasema, akinyoosha kidole kusini, kwenye mtaa aliozaliwa. Kidole kikaganda hewani. Masikio yakamwiva.

Kule chini Dympna hakusikia neno, ila alikiona kidole, akamwona na Concepta anavyocheka huku ameshikilia chuma asianguke. Vilimtosha kuuzia matunda wiki nzima.

"Twende nyumbani," Concepta akasema, "mkate usilowe."

Malachy akamfuata kuteremka kaskazini, akinung'unika njia nzima kwamba yeye alikuwa anazungumzia mkate tu.