Wasifu wa Marehemu Coldwell

Katika miaka kumi na minane ya kusoma wasifu wa marehemu upande wa wanawake, Sughra hakuwahi kuzika mtu mbaya. Marehemu wote wa msikiti wao wa Etobicoke, Kanada, walikuwa wacheshi na wapenda watu. Hata Marhum Dilawar, aliyekuwa akihesabu biskuti mbele ya wageni, alizikwa mkarimu.

Basi alipoanza masomo ya jioni ya historia ya sanaa akiwa na miaka sitini na mbili, na Mwalimu Tazmin akamtaka aeleze maisha na kazi ya Ephraim Coldwell, mchoraji wa mandhari wa Marekani aliyefariki mwaka 1889, Sughra aliandika alivyozoea. Coldwell alizaliwa nyumba ya wacha Mungu, akachora maporomoko ya Niagara mara kumi na moja, akawa mume mwema. Mwishoni akamwombea Fatiha.

Tazmin aliirudisha karatasi.

"Mama Sughra, umeandika vizuri, ila kasoro zake ziko wapi? Alhamisi utasimama mbele ya darasa. Bila uhakiki siwezi kukupitisha."

Asipopita hapati cheti. Na cheti hicho, yeye aliyeachishwa shule Tanga akiwa darasa la saba, alikuwa akikiombea dua kila alfajiri.

Mumewe, Ameer, alicheka mpaka chai ikamwagika. "Miaka yote unawasafisha maiti. Leo mpake tope mmoja tu."

"Kumsengenya maiti ni dhambi, Ameer."

"Mzungu wa 1889? Hana hata binamu msikitini."

Sughra alisali rakaa mbili. Akiwa bado juu ya mswala, akakumbuka jambo ambalo sheikh huuliza kabla ya kuzika.

Alhamisi alisimama, akarekebisha mtandio.

"Wenzangu, kabla hatujamzika Bwana Coldwell, nani alikosewa naye?"

Wanafunzi walitazamana.

"Basi nitawasemea waliokosewa. Yupo mkewe, Lydia, aliyemchorea mawingu yote, na jina lake halimo kwenye picha hata moja. Wapo wenyeji waliokuwa na vibanda kando ya mto. Mnunuzi alitaka mto mtupu, Coldwell akavifuta pichani kwa brashi asubuhi moja. Tupo na sisi watazamaji: Niagara alifika mara moja tu, na siku hiyo kulikuwa na ukungu. Mnamsamehe?"

Mikail, mwanafunzi mwenzake, dereva wa lori kutoka Brampton, alijikuna kidevu. "Ya ukungu namsamehe. Ya vibanda si yangu kusamehe."

"Hiyo itabaki shingoni mwake," alisema Sughra, akaketi.

Tazmin alimpitisha, tena akaisifu mbele ya wote mbinu yake mpya kabisa ya uhakiki. Sughra hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba ni ya makaburini.

Cheti kilipotoka, Ameer alikisoma nyumbani mara mbili.

"Na mimi nikifa, utanisomea wasifu wa aina gani?"

"Coldwell nilipewa dakika kumi," alisema Sughra. "Wewe nitaomba niongezewe."

Ameer akainuka, akaosha kikombe chake mwenyewe, mara ya kwanza tangu wahamie Kanada.