Watu Wawili wa Dhungsari

Mwalimu Kundan alipofika kijiji cha Dhungsari saa sita mchana, akitweta kwa kupanda mlima, Bachuli Devi alikuwa ameshamwona tangu yuko bondeni. Kwa miezi miwili hakuwa amepita mgeni mwingine.

"Shikamoo, bibi. Serikali imenituma kuhesabu watu."

"Marahaba. Keti unywe chai. Andika saba."

Akawataja mmoja mmoja: wanawe wawili, wake zao, wajukuu wawili, na yeye mwenyewe. Kalamu ya mwalimu haikugusa karatasi.

"Hao wako wapi, bibi?"

"Dehradun. Wengine Delhi. Vitanda vyao nimevitandika, nenda ukaone."

"Naandika wanaoishi hapa tu."

"Na anayejua wanaoishi hapa si mimi?" Kisha akashusha sauti. "Haya, andika mmoja."

Zamani nyumba za juu zilikuwa ishirini, zote za Wathakuri, watu wa tabaka la juu kama yeye. Za chini, ng'ambo ya mfereji, zilikuwa tisa za wapiga ngoma, watu wa tabaka la chini ambao Mthakuri hali chakula chao wala hashiriki nao chombo. Wengine wote walihamia mijini; sasa juu alibaki Bachuli, chini mzee Gyanu Das. Miaka sita walikuwa wao wawili tu, na bado kila mmoja alichota maji kwenye bomba lake. Asubuhi Gyanu alisimama mferejini akaita, "Bi mkubwa, umeamka?" Naye alijibu, "Ningekuwa nimelala ningekujibu?" Basi, maongezi ya siku yamekwisha.

Mwalimu akashuka kumhesabu, akarudi mbio. "Mlango umefungwa kwa ndani, na haitiki."

Hapo ndipo Bachuli alipohesabu siku: hakuitwa tangu juzi. Alikuwa amenuna, akidhani mzee amemsusa. Akavaa viatu, akauvuka mfereji ambao hakuwahi kuuvuka tangu aolewe, miaka hamsini na mitatu.

Mwalimu akausukuma mlango kwa bega. Gyanu alikuwa sakafuni, mwili unachoma kwa homa. Simu haikushika mtandao, kwa hiyo mwalimu akateremka kutafuta wabebaji. Bachuli akapanda kwake, akarudi na maji katika kopo lake la shaba.

"Chombo chako hicho, bi mkubwa," Gyanu alinong'ona, akigeuza uso. "Kitanajisika."

"Kinajisike. Kunywa, mbishi wewe."

Akamwinua kichwa, naye mzee akanywa. Nguvu zikamrudia kidogo, akaanza kusimulia harusi ya Bachuli, ambayo aliipigia ngoma akiwa kijana, amesimama nje ya ua.

"Ulilia sana siku ile."

"Kwa ngoma ile, nani asingelia?"

Gyanu akacheka mpaka akakohoa. Bachuli naye akacheka, na sauti ya kicheko chake ikamshtua. Hakuwa ameisikia siku nyingi.

Jua lilipogusa ukingo wa mlima, wabebaji wanne wakamchukua kwa machela.

Wiki tatu baadaye mwalimu alipanda tena kuleta habari. Gyanu alikuwa amepona, lakini binti yake alikuwa amempeleka kwake, mjini Haridwar, na hangemruhusu kurudi mlimani.

"Karatasini nimewaandika wawili," mwalimu alisema, kama anayeomba radhi.

"Umefanya vizuri."

Alipoondoka, Bachuli alichukua ufagio, akashuka kwa Gyanu. Majani yalikuwa yamejaa uani. Akafagia taratibu, kona kwa kona, akasugua na kizingiti. Kazi ilipokwisha akaketi pale, mgongo kwenye mlango, akitazama mapaa ya juu. Hakuwahi kuiona nyumba yake kutokea huku chini. Ilionekana ndogo, na mbali.