Mlango wa Toronto

Asubuhi ile Zeina alikuwa akimlisha mama yake uji wa mchele ghorofani kwao, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, huku simu ameiegesha kwenye mto ili kaka yake Yasser aonekane.

"Zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili, Zeina," Yasser alisema kutoka Toronto. "Karibu siku nzima njiani, bado kukaa uwanjani kusubiri ndege ya pili. Siyo Buguruni huku."

Maneno hayo aliyatoa kila alipoulizwa atakuja lini, kwa sauti ya mtu aliyeichimba ile bahari kwa mikono yake. Bi Kuruthumu, ambaye miguu haikumbeba tena, alimwambia mwanawe asijisumbue.

Zeina akaenda stoo kuchukua shuka. Alipofungua mlango uliokuwa nyuma ya majora ya vitambaa, alikuta ukumbi wa kuwasili abiria wa uwanja wa ndege wa Toronto. Watu walikuwa wakivuta masanduku. Kibaridi kikapenya. Akachukua shuka, akarudi kumbadilisha mama.

Kufika adhuhuri mtaa ulishajua. Rogath, mchukuzi wa mizigo, aliomba kupumzika kizingitini apoze joto kwa ule ubaridi. Mwenye nyumba alipanda, akatazama, akasema watu wasipitishe matope upande wa pili, asije akalaumiwa yeye.

Zeina akampigia kaka yake.

"Uwanja wenu uko stoo kwetu. Njoo umwone mama."

"Leo kuna theluji. Na kutoka kwangu mpaka uwanjani ni mwendo. Halafu maegesho, Zeina. Hujui maegesho ya huku yalivyo."

Zeina alikata simu akasonya, msonyo mrefu uliomgeuza Rogath shingo.

Wiki iliyofuata Yasser alikuja uwanjani. Alikuwa na mkewe Dalia, masanduku na kofia za jua. Walikuwa wanaenda Meksiko kupumzika ufukweni. Zeina alimwona, akamwita. Yasser akasogea mpaka kizingitini, akasimama upande wake. Mama alipoisikia sauti yake alianza kujitengeneza mtandio.

"Ingia," Zeina alisema. "Yuko hapo nyuma ya pazia."

"Nikiingia na viatu nitachafua. Nikivua nitachelewa ndege."

"Mwanangu yupo?" mama akauliza.

"Yupo. Anatazama saa."

"Mwambie asichelewe."

"Desemba, inshallah," Yasser alisema, akamkabidhi dada yake chokoleti iliyobandikwa bei ya uwanjani. Zeina alimtazama akienda zake, mkoba wa mkewe begani, akaona hata haya hana.

Bi Kuruthumu alifariki Desemba haijafika.

Msibani Yasser alituma sauti kwenye simu, na Zeina akaiweka watu wote waisikie. Ilisema umbali ndio mtihani wao wanaoishi ughaibuni, na kwamba moyo wake uko Kariakoo. Wanawake walioketi mkekani walitikisa vichwa. Jirani yao Bi Swaumu, aliyekosa nafasi sebuleni akakaa karibu na mlango wa stoo, alijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Maskini Yasser," alisema. "Nchi za watu ni mbali jamani."

Nyuma yake, kule ukumbini, sauti ya kike ilikuwa ikitangaza ndege iliyotua.

"Zeina mwanangu, hebu urudishie huu mlango. Baridi inaniingia mgongoni."

Zeina akaurudishia, kisha akaendelea kugawa kahawa.