Waya wa Rangi ya Pera

Nubia Arbeláez alikuwa anasuuza chupa za maabara, povu limempanda hadi viwikoni, mkuu wa idara alipoingia kumwambia kwamba kuanzia Jumatatu angehamia chumba cha chini, kwenye kompyuta. Hakuuliza sababu. Alimaliza kusuuza, akazipanga chupa midomo chini, akajifuta mikono kwenye koti lake jeupe.

Uhamisho wenyewe ulikuwa umeanza zamani, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye karatasi. Nubia alikuwa mtafiti wa rangi zinazopatikana kwenye maganda ya kahawa, na chuo chao, kule juu Manizales kwenye mawingu, kilikuwa na mashine moja tu ya kuzipimia. Mashine iliitii kompyuta, na kompyuta haikumtii mtu ila Nubia. Watu wa fizikia wakamwita awaunganishie na wao, wakawaambia wa maktaba, na kufumba na kufumbua hapakuwa na waya uliopita ndani ya kuta za chuo ambao yeye hakuujua. Wezi wa nywila walipoanza kuja kutoka nchi za mbali, aliwanasa yeye, kwa kuwa alizoea kutafuta tone moja chafu ndani ya pipa la maji safi.

Mama yake hakupendezwa. "Mwanangu, udaktari wote ule wa kemia, halafu uje kuwa fundi wa nyaya?"

"Kazi ni ileile, mama. Kuangalia kitu gani kimeingia pasipo pake."

"Basi si ungeifanyia juu, penye dirisha?"

Lakini Nubia alistarehe kule chini. Kulikuwa na joto la mitambo, neema kubwa katika mji ule wa baridi, na arepa zake, vile vikate vya mahindi, alizipasha juu ya kompyuta ya zamani iliyotunza barua za chuo kizima.

Asubuhi moja akashuka Eliécer Ocampo, waliyefanya naye kazi meza moja maabara kwa miaka mingi. Alikaa juu ya boksi, akakataa arepa.

"Nubia, kuna mtu anasoma barua pepe zangu."

"Umejuaje?"

"Jana nimemwandikia mke wangu, yuko kwao, kwamba nitatia saini barua ya kupinga maabara yetu kufungwa. Yeye peke yake. Leo mkuu wa kitivo ananiambia, 'Ocampo, usitie saini.'"

"Labda mkeo ana mdomo."

"Mke wangu? Hata mimi hanijibu."

Nubia akakagua mitambo. Hakuona kufuli lililovunjwa wala mgeni aliyepita. Ndipo akafanya kama ambavyo mwanakemia yeyote angefanya: alitoa kwenye droo kichupa cha dawa ya kupimia, ile isiyo na rangi ambayo ikikutana na magadi hugeuka waridi, akadondosha matone machache kwenye maungio ya nyaya kuu. Nyaya zikayanywa.

"Tukale kwanza," alisema.

Walikula supu ya kuku na ndizi kantini. Waliporudi, nyaya zote zilikuwa kama walivyoziacha, isipokuwa mmoja uliogeuka waridi, kama ndani ya pera lililoiva. Wakaufuata. Ulipanda ngazi, ukapita nyuma ya maktaba, ukavuka ua juu ya vichwa vya wanafunzi, ukaingia jengo la utawala na kupenya chini ya mlango wa mkuu wa chuo.

Nje ya mlango alikaa mama mmoja, doña Amparo, katibu wake. "Mna miadi?"

"Tunaufuata waya," alisema Nubia.

Doña Amparo akautazama. "Haya, ingieni."

Daktari Leonidas Jaramillo alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake, mikono imegeuka rangi ya pera hadi viwikoni.

"Karibu, daktari. Hii inatoka kwa sabuni?"

"Haitoki. Itatoka ukiacha kusoma barua za watu."

Mkuu akafikiri. "Na nisipoacha?"

"Itabaki."

Akaigeuzageuza mikono yake kwenye mwanga wa dirisha. "Si rangi mbaya. Chuo ni familia, daktari. Baba asipojua wanawe wanaandikiana nini, huyo ni baba gani?"

"Mimi baba ninaye," alisema Eliécer. "Yuko Salamina, anashona viatu."

"Na presha yake inaendeleaje?" aliuliza mkuu, kwa huruma ya kweli.

Eliécer akarudi nyuma hatua moja. Habari za ile presha alikuwa amemwandikia tabibu peke yake.

"Huu waya nitaukata leo," alisema Nubia.

"Ukate. Na mishahara inapita humohumo."

Nubia alirudi chini akachunguza, akakuta ni kweli. Hakuukata.

Wiki ileile mkuu aliingia barazani bila kuificha mikono yake ya rangi ya pera, akazungumzia bajeti. Mwezi haukuisha kabla ya viazi vyekundu kuadimika sokoni, maana wakuu wa vitivo walikuwa wanachovya mikono yao kwenye maji yake ifanane na ya mkuu, wasionekane wamesahauliwa. Wengine hawakuona ubaya wowote. Mlinzi wa lango aliletewa keki na mkuu mwanawe alipotimiza miaka, bila kumwambia mtu, na aliisifu keki hiyo kwa kila aliyepita.

Eliécer alitia saini. Maabara ilifungwa vilevile, na yeye akahamishiwa tawi la chuo huko bondeni, kando ya mto Magdalena, kwenye joto. Aliondoka na mabegi mawili na feni. Nubia alimsindikiza kituoni, na kwa siku kadhaa arepa hazikuwa na ladha mdomoni mwake.

Kisha akaanzisha darasa. Kila Jumatano jioni alifundisha kule chini namna ya kuifunga barua pepe ili mwenye ufunguo peke yake aweze kuifungua. Mwanzoni walikuja wachache. Barua zao zilizofungwa zilionekana zikipita ndani ya waya ule, nyeupe, kama punje za mchele. Eliécer alijifunza kwa simu, akatuma ya kwanza: samaki wa huku wanono, wanafunzi wasumbufu, feni imekufa. Nubia aliisoma mara mbili, akala vizuri usiku ule.

Jumatano moja doña Amparo akashuka akiwa na kiti chake mwenyewe.

"Naruhusiwa?"

"Kaa, mama. Mkuu anajua umekuja?"

"Anajua. Jana nilimwandikia dada yangu kwamba nitakuja." Akaweka kiti karibu na ukuta na kutundika koti lake kwenye waya, kama walivyofanya wenzake. "Nina jambo la kumwambia dada huyo, daktari, limenikaa hapa kooni. Ile mikono ya mkuu inaacha alama kwenye kikombe, kwenye simu, kwenye mbwa wa mkewe. Miezi yote hii sijapata pa kuchekea."

Nubia akamwonyesha pa kubonyeza. Kule juu, mkuu wa chuo alikuwa anasoma zilizobaki bila kufungwa, nazo zilikuwa nyingi. Doña Amparo aliandika kwa vidole viwili, mabega yakimtikisika, na punje yake ya kwanza ikaanza kupanda ukutani.